Kontena bovu la friji lililogeuzwa tanuri la mbao: uchambuzi wa kisa kimoja

Seremala mmoja mwenye mashine yake ya kupasulia magogo alipata kontena la friji la futi 20 lililokwisha kustaafishwa. Mtambo wake wa baridi ulikuwa umevuja karibu gesi yote, tena unataka umeme wa njia tatu ambao karakana haikuwa nao. Lakini sanduku lenyewe lilikuwa zima: kuta hazina tundu, mpira wa mlango haujachakaa, sakafu imenyooka. Alitaka kukaushia humo mbao ngumu za unene wa milimita 25, zikiwa bado mbichi, zitoke na unyevu wa asilimia 10 hivi ili zifae kwa samani za ndani ya nyumba.

Akamwita fundi friji. Kijana akauzunguka mtambo, akaufungua, akatoa ushauri ambao mafundi wengi wa baridi wangeutoa: "Mzee, tuutengeneze huu huu. Una nguvu kuliko mashine yoyote utakayoipata." Mzee naye alikuwa na lake: "Mimi nina kiyoyozi cha dirishani kimelala stoo. Tukitie humo ndani kizima kizima tuone."

Wote wawili walikuwa wakiangalia mashine. Kwa maoni yangu, mali iliyokuwa mbele yao ilikuwa zile kuta, na hesabu ndiyo inayoonyesha hivyo.

Maji kiasi gani, na kwa kasi gani

Unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mti mkavu kabisa, si na uzito wa ubao wote. Ndiyo maana mti mbichi unaweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100 na hakuna kosa la hesabu. Shehena ya mzee ilikuwa mita 3 za ujazo. Tukichukua mti ambao kila mita ya ujazo, ikipimwa ingali mbichi, ina kilo 600 za mti mkavu, basi ndani ya kontena kuna kilo 1,800 za mti mtupu. Kwa unyevu wa asilimia 50 zinabeba kilo 900 za maji; kwa asilimia 10 zinabaki na kilo 180. Kilo 720 lazima zitoke, yaani zaidi ya mapipa matatu na nusu ya lita 200.

Mapipa hayo hayatakiwi kutoka haraka. Ubao mgumu ukivuliwa maji kwa pupa, ngozi ya nje inasinyaa wakati kiini bado kimevimba, na ngozi inapasuka. Kila mti una kikomo chake. Mwaloni mweupe wa milimita 25 haupendi kupoteza zaidi ya pointi 2.5 za unyevu kwa siku, yaani kutoka asilimia 50 hadi 47.5. Mwaloni mwekundu unavumilia 3.8, misonobari laini inaweza kwenda zaidi ya 10 bila kulalamika. Mzee aliambiwa achukulie mbao zake kama mwaloni mweupe, kwa kuwa ni nzito na hakuwa na jedwali lake. Huo ni uamuzi wa busara: mti usioujua uutendee kama ule mgumu zaidi unaoujua.

Pointi 2.5 za kilo 1,800 ni kilo 45 za maji kwa siku. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke inakula takriban kilojuli 2,400 za joto, na ikigeuka tena kuwa maji juu ya koili ya baridi, ile mirija inayopozwa na gesi ya mashine, inazirudisha zote. Ukizigawa kilo 45 katika saa 24, unapata kilowati 1.25. Hiyo ndiyo kazi yote ya baridi inayotakiwa kunasa maji ya mbao hizi katika siku zake ngumu kuliko zote. Baadaye kazi inapungua, maana mbao zikishuka chini ya asilimia 30 hivi maji huru yanakuwa yamekwisha na yaliyobaki yameng'ang'ania ndani ya kuta za seli. Yanatoka polepole hata ukiyabembeleza.

Kwa nini mtambo wa kontena haukufaa

Mtambo wa kontena la baharini una uwezo wa kilowati kadhaa, mara nyingi karibu 10 unaposhikilia nyuzi 2 za Selsiasi. Hapa tunahitaji 1.25. Mashine iliyozidi hivyo huwaka kidogo na kuzima, huwaka na kuzima, au huishusha koili hadi ikaganda barafu, na barafu haiteremki kwenye mfereji.

Hilo lingeweza kurekebishwa. Kasoro kubwa ni kwamba koili yake ya joto iko nje. Mtambo huo ulibuniwa kutoa joto ndani ya sanduku na kulitupa hewani, na ndivyo ungefanya kwa mbao: ungelitupa nje joto lile lile ambalo maji yanalihitaji ili yaondoke kwenye mti. Sanduku lingepoa. Mita ya ujazo ya hewa ya nyuzi 5 inabeba gramu 6.8 tu za mvuke hata ikishiba. Ya nyuzi 40 inabeba kama gramu 51. Ndani ya mti nako, maji hutembea kwa shida kwenye baridi. Ungekuwa na mbao zinazokauka kwa mwendo wa kobe na bili ya umeme ya ghala la samaki.

Fundi alipendekeza kuihamishia koili ya joto ndani. Kimsingi ndiyo dawa, na tanuri za viwandani zinazokausha kwa kunasa unyevu zimeundwa hivyo hivyo: koili mbili uso kwa uso katika hewa moja. Hewa inapita kwanza kwenye baridi, inaacha maji, kisha inapita kwenye joto na kurudi kwa mbao ikiwa kavu na moto zaidi. Lakini kompresa iliyozaliwa kwa baridi kali haipendi kunyonya gesi inayotoka kwenye hewa ya nyuzi 40. Gesi inaingia nzito, mota inavuta umeme kupita kiasi, kinga yake inakata. Kuna vali za kupunguza mgandamizo upande wa kunyonya zinazotibu hali hiyo, ila ukishanunua vali, koili na gesi mpya, unajenga mashine upya. Na kama gesi yake ni R-404A, ukomo wake uko karibu nyuzi 72, ambapo haigeuki tena kuwa kimiminika. Koili ya joto ndani ya tanuri inafika nyuzi 60 bila taabu. R-134a ina nafasi kubwa zaidi hapo, ukomo wake ni kama nyuzi 101.

Mtambo ukaachwa. Kutoka kwake zilichukuliwa hita za kuyeyushia barafu, ambazo tutazikuta mbele. Mabaki ya gesi yalinyonywa kwa mashine ya kukusanyia, hayakuachiwa hewani. Hii si adabu tu. R-22 na wenzake wa zamani wanakula tabaka la ozoni, ndiyo sababu ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na hizi zilizofuata bila klorini zinapasha dunia joto mara elfu kadhaa kuliko kiasi sawa cha hewa ya ukaa.

Kiyoyozi na ndoo iliyogoma kujaa

Wazo la mzee lilikuwa bora kuliko lilivyosikika. Kiyoyozi cha dirishani kina koili zote mbili ndani ya kasha moja, kompresa yake imezoea hewa ya vuguvugu, na kinatumia umeme wa kawaida. Ukikiweka kizima ndani ya sanduku lililofungwa, baridi na joto vinafutana, na kinachobaki ni maji kwenye trei pamoja na joto la umeme kilioutumia. Cha kwake kilikuwa cha BTU 9,000, sawa na kilowati 2.6 za baridi. Sehemu yake inaishia kupoza hewa badala ya kunasa maji, kwa hiyo kwa hitaji la 1.25 hakikuwa kikubwa mno.

Wakakiweka juu ya meza, wakapanga mbao, wakafunga mlango. Kesho yake ndoo ilikuwa na maji ya kunawia mikono tu, na kipima unyevu kinasema hewa iko asilimia 85 ya mvuke inaoweza kubeba, na haishuki. Koili ya baridi imelowa chapachapa. Fundi akashuku gesi imepungua. Kesi nyingi za namna hii ndipo zinapopotelea, mtu anaongeza gesi kwenye mashine isiyo na njaa.

Jawabu lilikuwa kwenye feni ya nyuma. Viyoyozi vingi vya dirishani vina pete pembeni mwa mapanga ya feni inayopuliza koili ya joto. Pete hiyo inagusa maji ya trei na kuyarusha juu ya koili ya joto kwa makusudi: yanapovukiza yanaipoza, na mashine inafanya kazi kwa wepesi zaidi. Dirishani hilo ni jambo jema, mvuke unaenda nje. Ndani ya kontena mvuke unarudi kwa mbao. Kiyoyozi kilikuwa kinakusanya maji kwa mkono wa kulia na kuyarudisha kwa wa kushoto, mchana na usiku.

Dawa ni tundu. Trei ilitobolewa sehemu yake ya chini kabisa, upande wa mbele, mbali na mirija. Kasha likainamishwa kidogo kuelekea hapo, na bomba likapitishwa ukutani hadi nje likiwa na kona ya U inayobaki na maji ili hewa ya nje isiingie. Pete haikukatwa, kwa sababu kuikata kunaweza kuiyumbisha feni, na maji yasipolala kwenye trei pete haina cha kurusha. Ndoo ikaanza kujaa.

Thamostati ya kiyoyozi haikuwa na kazi tena, maana hewa ya tanuri daima ina joto kuliko kiwango chochote kilichoandikwa kwenye kitufe. Kompresa ikawekwa chini ya swichi ya unyevu. Hewa ilianzia asilimia 80, ikashushwa hatua kwa hatua kadiri mbao zilivyokauka. Hapa kuna kanuni inayorahisisha mambo: mti hautafuti ukavu, unatafuta mizani na hewa iliyouzunguka. Kwenye joto la nyuzi 25, hewa ya asilimia 80 inaushikilia mti karibu na unyevu wa asilimia 16, ya 65 karibu na 12, ya 50 karibu na 9, ya 30 karibu na 6. Kwenye nyuzi 40 namba zinashuka kidogo. Kwa mbao za asilimia 10, hewa ya mwisho ya asilimia 40 inatosha kabisa. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu huo inaanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 24, na koili ya kiyoyozi inashuka chini ya hapo bila kusukumwa. Kwa hiyo ule ushauri wa kuziba nusu ya koili ili hewa ipite polepole na baridi iwe kali zaidi haukuhitajika. Ungeleta barafu bure.

Kuta zilizokuwa nzuri kupita matarajio

Kontena la futi 20 lina kama mita 60 za mraba za kuta, sakafu na dari, zilizojazwa povu la poliyurethani. Hata tukikubali kwamba povu limezeeka, upotevu wake ni wati 24 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kiyoyozi kikiwa kinawaka kinavuta wati 850, feni za kuzungusha hewa 150: jumla kilowati 1, na yote inaishia kuwa joto ndani ya sanduku. Gawa 1,000 kwa 24, unapata nyuzi 41 na kitu. Nje kukiwa na nyuzi 25, mashine ikiachwa iwake mfululizo, sanduku lingeelekea nyuzi 66. Kabla ya kufika huko kompresa ingekwishajizima yenyewe, au ingekufa.

Hilo ndilo lililotokea baada ya siku chache: kiyoyozi kilianza kukata. Mwanzoni hakikukata kwa sababu mbao zenyewe zilikuwa zikilimeza joto. Kilo 1,800 za mti na kilo 900 za maji zinahitaji takriban kilojuli 6,300 kupanda nyuzi moja, hivyo kuzipandisha nyuzi 15 peke yake ni kazi ya siku nzima na zaidi kwa kilowati moja. Zikishapata moto, joto halina pa kwenda.

Tiba ikawa matundu mawili yenye vifuniko, moja juu na jingine chini upande wa pili, na feni ndogo inayowashwa na thamostati hewa ikipita nyuzi 40. Inafukuza hewa moto kwa dakika chache na kufunga. Inauma kidogo kuona joto ulilolilipia likitoka, lakini hewa hiyo inatoka na unyevu wake pia, kwa hiyo nayo inafanya sehemu ya kazi. Viyoyozi vya kawaida vinabuniwa kwa hewa ya nje isiyozidi nyuzi 43 hivi, na hapa hata koili ya baridi inapuliziwa hewa hiyo hiyo moto, jambo ambalo mbunifu hakulifikiria. Nyuzi 40 ni mpaka wa heshima.

Kilichofichuliwa na hesabu hii ni kwamba ukiwa na kuta kama hizi huhitaji kabisa hita ya kukaushia. Mtu anayejenga kibanda cha mabati na kukiweka kiyoyozi hicho hicho hatapata matokeo haya. Joto lote litapita ukutani, na usiku umande utakaa kwenye bati na kudondokea mbao. Kwa wanaokereza mabakuli, friji mbovu ya nyumbani yenye taa ndani na matundu machache hufanya kazi kwa sababu hiyo hiyo: ni sanduku linalotunza joto dogo.

Hewa, mizani na wadudu

Feni za asili za kontena husukuma hewa kupitia mifereji ya sakafu ipande juu kati ya maboksi. Mbao hazitaki hivyo. Zinataka hewa ipite kwa ulalo, kutoka ubavu mmoja wa rundo hadi mwingine, kwa kasi ya mita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa miti migumu. Mzee alilaza dari ya uongo ya plaiwudi juu ya rundo, akaziweka feni juu yake, akaziba mianya ya kando na ya juu kwa turubai. Hewa ni mvivu, itapita penye upenyo. Kati ya safu na safu ziliwekwa fito kavu za milimita 20, kila sentimita 45, zikiwa zimesimamiana wima moja juu ya nyingine toka chini hadi juu. Fito iliyohama mstari huacha alama yake kama ubao uliopinda. Ncha za mbao zilipakwa rangi nzito, kwa kuwa maji hutoka kwenye ncha kwa kasi ya mara kumi au zaidi kuliko kwenye uso wa ubao, na mipasuko ya ncha inakula urefu.

Maji ya ndoo hayatoshi kukuambia mbao ziko wapi. Walikata vipande vya sampuli kutoka mbao chache, wakachukua vijipande vya jirani yake na kuvikausha kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukakoma kushuka. Hapo ukajulikana unyevu wa kuanzia na uzito mkavu wa kila sampuli. Sampuli zikarudishwa katikati ya rundo na kupimwa kila siku kwenye mizani. Siku uliposhuka zaidi ya pointi 2.5, swichi ya unyevu ilipandishwa. Mizani ya jikoni ndiyo iliyoendesha tanuri, na kama ningelazimika kukibakisha chombo kimoja kati ya vyote vilivyowekwa humo, ningeibakisha hiyo.

Nyuzi 40 haziui wadudu. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, ISPM 15, inataka kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Hapo ndipo hita za mtambo wa zamani zilipopata kazi: mwisho wa kukausha, kiyoyozi kilizimwa na kutolewa nje kabisa, matundu yakafungwa, hita mojamoja zikawashwa kupitia waya wenye kinga yake, na kipimajoto kikachomekwa kwenye tundu lililotobolewa hadi kiini cha ubao mnene kuliko wote. Hewa ikifika nyuzi 60 kiini bado kiko nyuma sana, kwa hiyo saa zinahesabiwa kwa kipimo cha kiini.

Mambo mawili ya usalama hayajadiliwi. Milango ya kontena hufungwa kwa nje tu, hivyo kabla ya kitu kingine iwekwe namna ya kuufungua mlango ukiwa ndani. Na isomwe lebo ya gesi ya kiyoyozi: vya siku hizi vingine hutumia R-290, ambayo ni propani, gesi ya kuwaka, na haina nafasi katika sanduku lililofungwa lenye swichi na feni.

Koili nazo zikaguliwe kila baada ya shehena. Mbao zenye joto hutoa asidi ya siki kidogo kidogo, mwaloni ukiwa miongoni mwa wakorofi, na asidi hiyo hutafuna shaba na alumini hadi kijitundu kitokee. Kuziosha kwa maji safi kunasaidia; hata hivyo kiyoyozi cha stoo kichukuliwe kama kitu cha kuchakaa, na cha akiba kitafutwe mapema.

Shehena inayofuata ni ya mbao za milimita 50. Kwa unene huo kikomo cha mwaloni mweupe kinashuka hadi pointi 1 kwa siku, kwa hiyo kontena lile lile linaweza kupokea mara mbili ya ujazo bila kiyoyozi kuelemewa: kilo 3,600 za mti mkavu zitatoa kilo 36 za maji kwa siku badala ya 45. Swichi ya unyevu itaanza juu zaidi, karibu asilimia 85, na fito zitabaki zile zile.